Mizizi ya dandelioni, jirani mwenye foleni na msumari usio na kikombe

Jua halijavuka paa za mabati za Nakuru, na tayari Edinah Khisa amechota kikombe cha kwanza cha siku. Ni cheusi kama oili iliyomwagwa gereji. Anakipuliza, anawatazama wateja wawili walioketi kwenye benchi yake, kisha anakunywa mbele yao mpaka kikombe kinageuka juu chini.

"Mmeona?" anawauliza. "Sijaanguka."

Wateja wanacheka, wananyoosha mikono. Hapo ndipo anawapa vyao.

Kuna mtu mwingine aliyeionja dawa hiyo kabla ya Edinah asubuhi hii, lakini huyo tutamfikia. Kwa sasa tazama macho ya mama huyu. Mikono inamimina, mdomo unasalimia, lakini macho yapo kwenye kibanda cha pili, ambako mama mwenye buibui anafuta benchi yake taratibu kama mtu asiye na haraka kwa sababu anajua itajaa.

"Ameongeza benchi," Edinah ananong'ona. "Wiki iliyopita ilikuwa moja. Leo ni mbili. Anataka kuwakalisha akina nani, bunge?"

Edinah ana miaka sitini na moja. Wateja humwita Mama Sitati, kwa jina la kifungua mimba wake. Anauza maji ya mizizi ya dandelioni, ule mmea wa maua ya njano unaoota kando ya barabara na kwenye nyasi za watu, ambao ua lake likizeeka huwa kichwa cha manyoya meupe na watoto hulipuliza. Kwa wenye bustani ni magugu. Kwa Edinah ni karo ya watoto wanne waliokwisha kumaliza shule.

Kibanda chake cha mbao kimeegemea ukuta wa nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Ndani kuna jiko, sufuria mbili na gunia la mizizi. Kwenye ubao wa nyuma kuna safu ya misumari, na karibu kila msumari umeninginiza kikombe. Kuna vya bati, vya plastiki, na kimoja kisicho na mkono ambacho ni cha mwanajeshi wa Gilgil anayepita kila mwisho wa mwezi.

Mambo ni hivi: ukiwa mgeni unakunywa kwa kikombe cha kibanda. Ukiona dawa imekukubali, unaleta cha kwako na Mama Sitati anakupigilia msumari. Tangu siku hiyo wewe ni wa kwake, na kikombe chako hakigusi mdomo wa mtu mwingine.

Msumari mmoja, ule wa katikati, hauna kitu.

"Usitundike hapo, boss," anamwambia kijana anayesogea na kikombe chekundu. "Huo una mwenyewe."

Edinah aliletwa Nakuru na ndoa, kutoka Bungoma. Baba mkwe wake alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wakubwa wa reli, kazi yake ikiwa kung'oa dandelioni kwenye nyasi zao. Mama mkwe ndiye aliyekataa zitupwe. Alikuwa amejifunza kwa majirani wa kila kabila waliojazana kwenye zile nyumba: majani machanga huchemshwa kama mboga kwa mtu ambaye choo kimemgomea, maziwa ya shina hupakwa kwenye chunjua, na mizizi hukaushwa, ikakaangwa hadi iwe kama kahawa, ikachemshwa kwa tumbo lililojaa gesi na kwa wale wanaosema ini lao limechoka.

"Mimi sisemi inaponya kila kitu," anasema Edinah. "Mtu akija macho yamekuwa ya njano, au miguu imefura, simpi hata tone. Namwonyesha njia ya hospitali. Huyo si wangu."

Wateja wake hawana kiasi kama hicho. Sokoni utasikia kwamba kuna jamaa wa Sachangwan aliyekunywa kikombe kimoja baada ya nyama ya Krismasi, akapata njaa upya kabla ya kufika nyumbani, ikabidi achinje tena. Mwanajeshi wa Gilgil naye, wanasema, aliwahi kumaliza chake kwa mkupuo mmoja na kumpigia saluti mbuzi. Edinah hakubali wala hakatai. Anapepea jiko tu.

Jambo ambalo halina mzaha ni kuonja. Huku hakuna mtu atakayekunywa dawa ya majani kutoka kwa mtu asiyemjua kabla mwenye dawa hajainywa. Watu wanaogopa sumu, wanaogopa na mengine wasiyoyataja. Kwa hiyo kila sufuria inapoiva, Edinah hunywa. Kila mgeni anapoketi, hunywa. Amefanya hivyo tangu watoto wake wakiwa wadogo, na sasa ana wajukuu.

Kumbuka hilo la kuonja.

Mwaka juzi, Hadiya Nasrudin, yule mama mwenye buibui, alifungua kibanda hatua chache kutoka hapo. Ni mzaliwa wa Bondeni, mjini Nakuru, lakini babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Pwani. Bibi yake alikuwa akipika mchunga, mboga chungu ya kwao, ambayo ni kama binamu ya dandelioni. Hadiya alipoiona dandelioni akaiita mchunga, akachemsha mizizi yake, akatia tangawizi na iliki, akaanza kuuza.

"Dawa na iliki?" Edinah anauliza hadi leo, mikono kiunoni. "Hiyo ni harusi ama ni matibabu?"

Mwanzoni alicheka. Kisha wateja wapya wakawa wanasimama katikati ya vibanda viwili, wananusa huku na huku, halafu wanafuata harufu ya iliki. Siku nzuri Edinah alikuwa akiuza vikombe arobaini kwa shilingi thelathini kila kimoja. Ikashuka hadi vikombe kumi, na baadhi ya wateja walikuwa wanakunywa nusu.

Lakini hakuna kilichomuuma kama siku ya Mzee Okeyo.

Mzee Okeyo alistaafu kutoka karakana ya reli akiwa na pensheni, koti moja zuri na tumbo linalonguruma. Alikuwa wa kwanza kabisa kupigiliwa msumari. Kikombe chake kilikuwa cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni pale anapowekea mdomo. Kila asubuhi alikaa mwisho wa benchi, upande wa jua, akanywa kimya.

"Asubuhi hiyo akasema, 'Mama Sitati, nipe kikombe changu nikakioshe,'" Edinah anasimulia. "Nikamwambia, 'Mzee, mimi ndiye nakiosha miaka yote.' Akasema, 'Leo nataka kukiosha mwenyewe.' Nikampa. Akatembea, moja, mbili, tatu, nne, akakaa kwa yule mama."

Anachochea makaa ambayo hayahitaji kuchochewa.

"Na akacheka. Kwangu alikuwa anakunywa kama mtu ako kwa matanga. Pale, kikombe cha kwanza tu, anacheka hadi bega linatingika. Afadhali angekunywa kwake nyumbani. Lakini hapo, na mimi naangalia?"

Tangu siku hiyo, wanasema majirani, Mama Sitati hakuwa na amani. Aligeuza benchi yake ili wateja wampe Hadiya mgongo. Akageuza tena ili wamwangalie waone asivyo na kitu. Hadiya akianza kuongea na wateja, Edinah anapandisha wimbo wa kanisa. Hadiya akivaa mtandio mpya, Edinah anauliza kwa sauti, bila kumwelekea mtu, kama siku hizi maji moto yanauzwa bei gani.

Na akaamua kuwaonyesha watu dawa ni nini. Alienda Sachangwan mwenyewe, juu kule kwenye baridi, ambako udongo ni mweusi na mzizi wa dandelioni hushuka kama karoti inayotafuta kuzimu. Akarudi na magunia. Pale ambapo alikuwa akitia konzi mbili kwenye sufuria, akatia nne. Akaonja. Akaona bado ni nyepesi. Akatia sita.

Kiplimo, dereva wa bodaboda ambaye stendi yao iko ng'ambo ya barabara, ndiye aliyekuwa mteja mwaminifu wakati huo, kwa sababu alikuwa akinywa kwa mkopo.

"Nilimwambia, 'Mathe, hii ni dawa ama ni adhabu?'" anakumbuka. "Akafurahi! Akaniongezea. Sikuweza kufunga mdomo. Nilibeba abiria hadi Kiamunyi nikiwa nimetoa ulimi nje kama ng'ombe. Abiria akadhani ni breki zimekataa."

Inasemekana siku moja Edinah alimwaga mabaki ya sufuria kando ya reli, na panya wote wa pale wakahamia Gilgil. Hilo halijathibitishwa.

Kila mteja alivyokunja uso ndivyo Edinah alivyozidi kuamini kwamba amerogwa, au kwamba jirani anawapa watu kitu cha kuwazoesha utamu. Mwishowe akampa Kiplimo chupa ya soda na pesa, amnunulie dawa ya Hadiya kwa siri. Kiplimo akaileta ndani ya koti. Edinah akajificha nyuma ya gunia, akaionja.

"Maji," anasema. "Naapa ilikuwa maji. Nilisikia iliki, nikasikia tangawizi. Uchungu? Hakuna. Nikasema, leo ni leo."

Kilichofuata bado kinazungumzwa sokoni. Mama Sitati alitoka na chupa juu kama kocha aliyebeba kombe, akaenda moja kwa moja hadi kwenye benchi ya Hadiya, iliyokuwa imejaa, Mzee Okeyo akiwa katikati.

"Watu wa Mungu!" alipaza sauti. "Mnaibiwa! Haya ni maji ya moto na iliki! Mzee, wewe ni mtu mzima, onja uwaambie ukweli!"

Mzee Okeyo alionja. Akakunja uso.

"Ni chungu, Mama Sitati."

"Wewe umenunuliwa. Wewe, mama wa kitambaa cha kijani, onja!"

Mama wa kitambaa cha kijani akaonja, akatema. "Ni chungu. Ndiyo maana ni dawa."

Wakaonja wote waliokuwepo, hata mwuza mahindi aliyekuwa akipita. Wote wakakunja uso. Edinah akachukua chupa, akaimaliza mbele yao, akasimama akiramba midomo kama aliyekunywa chai ya maziwa.

Hapo Hadiya aliinama chini ya meza yake na kutoa jani la shubiri alilolitunza kwa ajili ya kidonda cha mkwewe. Akalivunja. Utomvu wa njano ukachuruzika.

"Mama Sitati, samahani," alisema kwa sauti ya chini. "Ramba hii."

"Unataka kuniua?"

Hadiya akaliramba kwanza mwenyewe, kama desturi inavyotaka, na machozi yakamtoka. Kisha akamnyooshea jani. Edinah akaramba. Watu wakangoja.

"Nikangoja na mimi," Edinah anasema. Sasa anaongea polepole. "Nikangoja uchungu uje. Nikasikia tu ni baridi, inateleza. Nikaangalia watu. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kufanya."

Ulimi wake ulikuwa umekufa kwa upande wa ladha chungu. Chumvi anaisikia, sukari anaisikia, limau linamkunja kama kawaida. Lakini kile kimoja ambacho kazi yake yote imesimama juu yake, hakipo. Muuguzi mmoja aliyemtazama baadaye alimwambia umri hupunguza ladha, na kuonja kitu kimoja miaka nenda miaka rudi huenda kumeongezea. Yeye mwenyewe hana shaka. Ameonja mpaka akamaliza.

Nyumbani Kiamunyi, jioni hiyo, alimweka chini mumewe, Mzee Khisa, akamuuliza kuhusu managu. Mboga hiyo isipomwagwa maji ya kwanza haimezeki, na Edinah alikuwa ameacha kuyamwaga kwa kuwa haoni haja.

"Nilimuuliza, 'Baba Sitati, managu zangu huwa chungu?' Akaniangalia sana. Akasema, 'Tangu mwaka jana.' Mwaka mzima! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani nimemkasirikia, na yeye alikuwa bado anatafuta amekosa nini."

Kwa siku kadhaa kibanda hakikufunguliwa. Vikombe vilivyobaki vilikaa kwenye misumari, na wenyewe walipita wakivichungulia kwenye nafasi ya mbao. Edinah alisema amestaafu. Sababu anaijua: mtu asiyesikia uchungu hawezi kupima dawa chungu, na mtu asiyepima anaweza kumdhuru mtu.

Aliyemtoa nyumbani ni yule yule. Hadiya alimtuma Kiplimo na ujumbe wa maneno machache: afungue, yeye atamwonjea.

"Nilikataa," anasema Edinah. "Nikasema ni heri nikauze sukuma wiki. Mtu amechukua wateja wangu, amechukua Mzee Okeyo, sasa anataka na ulimi?"

Hadiya hajifanyi mtakatifu. Ameketi kwenye benchi yake mpya, anapanga mizizi, na anaongea bila kuinua macho.

"Wakisema ya Mama Sitati inachoma matumbo, hawatasema ni ya kibanda gani. Watasema dawa ya mizizi ni mbaya, na mimi niko mlango wa pili," anasema. Anakung'uta udongo kwenye mzizi. "Na tena, mimi nimemwonea wivu yule mama tangu nifike. Kwangu wanakunywa, wanalipa, wanaenda. Kwake watu walikuwa wanatundika vikombe. Nilipigilia misumari kumi hapa. Nenda kahesabu ina nini."

Kwenye ukuta wake kuna misumari kumi na kikombe kimoja. Ni cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi ukingoni.

Edinah alikubali. Kila asubuhi, kabla ya wateja, Hadiya huja na kijiko chake. Hakai. Anaonja akiwa amesimama mlangoni, anatazama juu, na anatoa hukumu.

"Punguza konzi moja."

"Una uhakika?"

"Mama Sitati, punguza."

"Unaona vile ananiambia?" Edinah analalamika Hadiya akishaondoka. "Kila siku ni punguza, punguza. Nitajuaje hanipunguzii mpaka nibaki na maji?"

Kwa hiyo, kwa miezi mitatu ya kwanza, Hadiya akishatoka, Kiplimo naye alikuwa anaitwa kuonja kwa siri, kuhakikisha hukumu. Kila mara alisema iko sawa. Hadiya alijua. Siku moja alimpungia Kiplimo mkono kutoka kibandani kwake akamuuliza kwa sauti kama leo wamekubaliana.

Edinah bado hunywa kikombe mbele ya mgeni, kwa sababu mgeni anataka kuona mtu akimeza. Lakini anayejua ladha ni mwingine. Yeye anaangalia rangi, anasikiliza mzizi unavyolia ukivunjwa, na anasubiri kuambiwa.

Wateja wamerudi, wengi wao. Mwanajeshi wa Gilgil, ambaye hakuwahi kuondoka kwa sababu anasema jeshini kuna vibaya zaidi, amelalamika kwamba dawa imekuwa ya watoto. Siku hizi vikombe vinafika thelathini.

Na asubuhi hii, wakati jua linaanza kugusa mwisho wa benchi, Mzee Okeyo anatokea kwenye kona ya ukuta na koti lake zuri.

Edinah anamwona kabla ya mtu mwingine yeyote. Anashusha kata na kuipandisha tena bila kuchota kitu. Kibanda cha pili, Hadiya ameacha kufuta benchi.

Mzee anafika katikati ya vibanda viwili, anasimama, anakohoa. Anaelekea kwa Edinah na kuketi mwisho wa benchi, upande wa jua.

"Habari ya asubuhi, Mama Sitati."

"Nzuri, mzee. Umepotea njia?"

"Nimesikia mambo imetengenezwa."

"Nani amekuambia?"

"Yule," anasema mzee, akielekeza kwa kidevu. "Ameniambia nije. Ati nimekonda."

Edinah anageuka kumtazama jirani yake. Hadiya amekuwa na shughuli nyingi ghafla chini ya meza.

"Nikuwekee kwa kikombe cha kibanda?" Edinah anauliza, sauti ikiwa kavu.

Mzee Okeyo anaingiza mkono kwenye koti, anatoa kikombe. Ni cha bati, kipya, cheupe, bado kina karatasi ya bei kwenye tako lake. Edinah anakipokea kwa mikono miwili. Anabandua karatasi kwa ukucha, anakisuuza mara mbili, anamimina. Mzee anakunywa kimya, kama mtu aliye matangani. Katikati anasimama, anakunja uso, anatikisa kichwa kwa kuridhika, na bega lake linatingika kidogo.

Akimaliza anainuka mwenyewe, anakitundika kwenye msumari wa katikati, anaaga na kuondoka. Anapopita kibanda cha pili anainua mkono, na Hadiya anauinua wake.

Mtu angedhani mama huyu sasa ameridhika. Ana mipango, na anaitaja upesi: anataka kupanda dandelioni kwenye magunia nyumbani Kiamunyi kabla ya mvua za masika, ili asipande tena hadi Sachangwan na magoti yake haya. Anataka kuezeka upya kibanda, na kumfundisha mtu mwingine kuonja mapema kabla ulimi wa Hadiya nao haujachoka, kwa sababu anamwona siku hizi anasitasita kabla ya kusema punguza.

Lakini akiongea bado anatazama msumari wa katikati. Anakisogeza kikombe cheupe, anakigeuza mkono wake uangalie nje, anarudi nyuma kukitazama. Kisha anatazama kule kwenye ukuta wa jirani, ambako kikombe cha buluu kiko pale pale.

"Hiki amenunua jana," anasema. "Hiki ni kikombe cha mgeni. Kile cha zamani kiko kwake."

Anachukua kitambaa na kuanza kufuta mwisho wa benchi, upande wa jua.

"Mimi nataka kile cha zamani."